Mkoba wa Ukili Uuzwe Wapi: Etsy, Soko la Mtandaoni la Hapa, WhatsApp au Mali Kauli?

"Dada, nimechoka kuuzia majirani. Nifungue duka Etsy au nibaki na WhatsApp yangu?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza huwa amekwisha kusikia hadithi mbili. Moja ni ya kikapu kilichonunuliwa Marekani kwa bei ya mbuzi. Nyingine ni ya duka lililofungwa usiku mmoja huku pesa za mauzo zikiwa bado ndani. Yote mawili hutokea. Ila hayamsaidii kuamua, kwa sababu hayasemi lolote juu ya mkoba wake yeye, mikono yake na mji alipo.

Nashona mikoba ya ukili, yaani mikanda ya ukindu iliyosukwa, Tanga, mimi na akina mama saba. Njia nne nitakazozilinganisha tumezipita zote kwa miguu yetu. Ya kwanza ni soko la kimataifa: Etsy, lililoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 2005 kwa ajili ya vitu vya mkono na vya zamani, na Amazon Handmade iliyofuata mwaka 2015. Ya pili ni masoko ya mtandaoni ya huku kwetu: Jumia kwa aliye Kenya au Uganda, na Jiji kwa aliye Kenya, Uganda au Tanzania. Ya tatu ni ukurasa wako mwenyewe, yaani Instagram, TikTok na WhatsApp. Ya nne haihitaji bando: kuacha mali kauli kwenye duka la wageni, yaani watalii, likuuzie kwanza ndipo likulipe; kupanga meza Maasai Market ya Nairobi au soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam; au kushiriki maonesho ya biashara kama Sabasaba.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Weka kitu kimoja unachotengeneza mezani, ukitazame, ujiulize matano. Baada ya makato yote, kinabaki kiasi gani? Pesa inanifikia kwa njia ipi, na baada ya siku ngapi? Mzigo unafikaje kwa mteja, na ukiharibika hasara ni ya nani? Mteja akitaka cha pili, atanitafuta mimi au atatafuta soko? La tano ndilo watu wanalolisahau: saa ngapi za kusuka zitageuka kuwa saa za kushika simu?

Kinachobaki mkononi

Tuchukue mkoba mmoja wa ukili wenye mishikio ya ngozi. Ukindu, rangi, uzi na ngozi vimekula shilingi 15,000 za Tanzania, na kazi yenyewe siku mbili na nusu. Tuseme dola ni shilingi 2,500. Hizi ni namba za mfano. Futa zangu uweke zako, hesabu itakwenda vilevile.

Etsy kwanza, maana makato yake ni mengi na yamejificha sehemu mbalimbali. Kuweka bidhaa moja dukani ni senti 20 za dola, na tangazo hilo huishi miezi minne, iuzwe isiuzwe. Ikiuzwa, Etsy hukata 6.5% ya bei ya mkoba pamoja na gharama ya usafirishaji uliyomtoza mteja. Hapo kwenye usafirishaji ndipo wengi wanaposhtuka. Kiwango hiki kilikuwa 5% hadi Aprili 2022, na kilipopandishwa wauzaji wengi walifunga maduka yao kwa wiki nzima kupinga. Juu yake kuna ada ya kupokea malipo, ambayo hutofautiana nchi kwa nchi; Uingereza ni 4% na peni 20. Halafu kuna matangazo ya nje. Etsy hukutangazia bidhaa kwenye Google na kwingineko, na mteja aliyebofya tangazo hilo akinunua ndani ya siku 30, unakatwa 15%. Duka linalouza chini ya dola 10,000 kwa mwaka linaweza kuyazima kwenye mipangilio. Likivuka hapo halina hiari tena, ingawa kiwango hushuka hadi 12%.

Sasa mkoba ukiuzwa dola 45, na usafirishaji dola 30, mteja amelipa 75. Makato ya kawaida, kwa ada ya malipo ya Uingereza, yanafika dola 8 na senti 33. Toa 30 za kusafirisha, zinabaki 36.67, yaani kama shilingi 91,700. Toa vifaa, umebakiwa na 76,700. Kama mteja alikuja kwa tangazo la nje, dola 11.25 nyingine zinaondoka na wewe unabaki na kama 48,500. Amazon Handmade hesabu yake ni fupi: inakata 15%.

Mkoba huohuo hapa nyumbani sisi tunauuza 45,000. Kwa WhatsApp, mteja akijilipia boda au basi, faida ni 30,000. Kwenye soko la mtandaoni la hapa linalokata kamisheni, tuchukue 15% kwa mfano, inabaki 23,250. Jiji haikati kamisheni kwenye mauzo. Tangazo la kawaida ni bure, ila ukitaka likae juu ya wenzako unalipia, kwa hiyo gharama ipo hata usipouza kitu. Mali kauli, duka likiuza 60,000 na kuchukua 30%, wewe unapata 42,000, faida 27,000.

Ukisimama hapa utasema Etsy imeshinda. Usisimame hapa. Faida ya mkoba mmoja na mapato ya mwezi ni vitu viwili tofauti. Duka jipya Etsy halina maoni ya wateja, halina nyota, na linaweza kukaa miezi bila oda hata moja. Sisi tulingoja wiki kumi na moja kupata ya kwanza. Katika wiki hizo duka moja la mali kauli liliuza mikoba tisa bila sisi kufanya lolote zaidi ya kwenda kujaza rafu.

Pesa inavyofika

Kwa ukurasa wako hakuna la kueleza sana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mteja wa Mwanza ananilipa kabla sijaweka uzi chini. Fungua lipa namba au till ya biashara, ili pesa ya mikoba isichanganyike na ya vocha na ya kusaidia wajukuu. Nimeona vikundi vikivunjika kwa mchanganyiko huo tu.

Mali kauli ina ubaya wake hapa. Duka linakulipa likiuza, na mara nyingine likikumbuka. Tuliwahi kusubiri miezi mitano pesa ya mikoba kumi na minne, na tulipokwenda tukakuta saba tu imeandikwa. Tangu siku ile hatuachi kitu bila karatasi ya nakala mbili: idadi, bei, asilimia ya duka, siku ya kulipwa, na sahihi ya aliyepokea. Mwenye duka mwaminifu hakasirishwi na karatasi.

Masoko ya hapa kama Jumia hulipa kwa ratiba, baada ya mteja kupokea mzigo na muda wa kurudisha kuzingatiwa. Jiji haishiki pesa kabisa, mnamalizana wenyewe. Ndiyo maana usitume mzigo kwa picha ya meseji ya muamala aliyokutumia mteja. Angalia salio lako.

Etsy ndiyo yenye mlango mwembamba. Kabla hujapiga hata picha moja, fungua orodha ya nchi zinazopokea malipo ya Etsy uone kama yako imo. Usianze na PayPal ukidhani utapita nayo kila mahali: Kenya imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, lakini akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea. Na hata nchi yako ikiwemo, duka jipya linaweza kuzuiliwa sehemu ya pesa kwa muda mpaka lizoeleke.

Kwa sababu hiyo duka letu, kwa karatasi, ni la binamu yangu anayeishi Uingereza. Yeye ndiye mwenye duka, akaunti ya benki ni yake, kodi analipa yeye, na kwenye maelezo ya duka ameeleza wazi kwamba washonaji tuko Tanga. Tunagawana kwa mkataba tuliouandika kama watu wasiojuana. Usiazime jina la mtu wala kudanganya nchi uliyopo. Siku wakiomba kitambulisho, duka linafungwa na pesa inabaki ndani, na ile hadithi ya pili niliyoitaja mwanzoni mara nyingi huanzia hapo.

Mzigo njiani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo faida ya nje inapoliwa.

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazipimi kilo peke yake. Hupima pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, na jibu huhesabiwa kama kilo. Likizidi uzito halisi, unalipia hilo. Mkoba wetu hauzidi gramu 800. Lakini ukiwekwa kwenye boksi la 40 kwa 35 kwa 25 unakuwa kilo 7. Ukikunjwa, boksi likawa na kimo cha sentimita 5, unakuwa kilo 1.4. Mkoba uleule, mkono uleule, na uzito unaolipiwa umegawanywa kwa tano. Ukili wetu una bahati, unakunjika. Kikapu cha Iringa cha milulu, kizuri kama kilivyo na kigumu kama ngoma, hakikunjiki. Kwake njia pekee ya akili ni kupachika vidogo ndani ya vikubwa na kutuma vingi pamoja. Kinyago cha mpingo tatizo lake ni kilo zenyewe. Hereni za shanga hazina tatizo lolote, na si ajabu wanaofanya vizuri Etsy wengi wao huuza vitu vinavyoingia kwenye bahasha.

Kisha mipaka. Tangu Julai 2021 kila kifurushi cha mauzo kinachoingia Umoja wa Ulaya hutozwa VAT, hata kiwe cha euro tano. Tangu 13 Desemba 2024 kuna kanuni ya usalama wa bidhaa inayotaka bidhaa iwe na mhusika aliye ndani ya Umoja, mwenye jina na anwani. Binamu yangu aliye Uingereza hafai kwa hilo, kwa hiyo tumezima mauzo ya Ujerumani na Ufaransa, nchi ambazo zilikuwa zinatuulizia sana. Marekani nayo, vifurushi vya chini ya dola 800 vilikuwa vinaingia bila ushuru. Tangu 29 Agosti 2025 msamaha huo umesimamishwa. Mteja wa kule anaweza kudaiwa mlangoni asichokitarajia, akakataa mzigo, na mzigo ukarudi kwa gharama yako. Anayekushauri leo kwa uzoefu wa mwaka 2020 anakushauri kwa nia njema, lakini njia aliyopita yeye imebadilika.

Na malighafi nayo ina sheria. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo mchongaji aanzie ofisi za misitu kuuliza vibali kabla ya kuahidi mtu wa nje. Magamba ya kasa na matumbawe usiyaguse kabisa. Australia hukagua kwa ukali chochote cha mti, mbegu au majani.

Hapa nyumbani mambo ni mepesi, lakini si bila hasara. Basi hufika na mzigo wako kesho yake, unapiga picha risiti, unamtumia mteja, anakwenda stendi kuchukua. Boti ya Zanzibar vivyo hivyo. Mwaka mmoja mikoba yetu sita ilisafiri chini ya magunia ya papa mkavu. Ilifika mizima, lakini harufu haikutoka kwa juma zima la jua, na mteja alikuwa ameagiza ya kugawa kwenye harusi ya bintiye. Tulimrudishia pesa yote tukashona upya. Sasa tunafunga mara mbili kwa nailoni na tunalipa kidogo zaidi mzigo ukae juu.

Jumia ina vituo vyake vya kuchukulia mizigo na mteja hahangaiki; kwa anayeuza Nairobi na Mombasa hilo ni jambo kubwa. Mali kauli inashinda zote kwenye kigezo hiki. Mteja anashika mkoba, anaunusa, anaujaribu begani, anaondoka nao. Hakuna kurudishwa kwa sababu rangi ya kwenye simu ilikuwa tofauti.

Mteja ni wa nani

Kwenye Etsy mteja ni wa Etsy. Huruhusiwi kumwambia aje kununua nje ili kukwepa ada, na barua pepe yake hukupewa kwa ajili ya kumtangazia. Duka likifungwa, wateja wote wamekwenda nalo. Lingine wengi hawalijui: tangu 2013 Etsy iliruhusu wauzaji kushirikiana na watengenezaji wa nje ya duka lao, kwa hiyo mkoba wako uliosukwa kwa kucha unaweza kupangwa kando ya uliotoka kiwandani, na mnunuzi asione tofauti ila bei. Dawa yake ni picha. Piga mikono ikisuka, piga ukindu ukianikwa, piga sufuria ya rangi. Kiwanda hakina picha hizo.

Hata hivyo haki isemwe: Etsy inakuletea mtu ambaye wewe usingempata hata ungeishi miaka mia. Mwanamke wa mji mdogo Marekani anayetafuta "kikapu cha kusukwa" saa nane za usiku kwa saa zetu, hakuna stetasi ya WhatsApp itakayomfikia.

Masoko ya hapa yana hatari nyingine, ya kuondoka. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, mwaka huohuo ikafunga Cameroon, na mapema 2020 Rwanda. Aliyekuwa amejenga biashara yake yote humo alianza upya.

Ukurasa wako unaonekana kuwa wako, na kwa kiasi ni kweli. Lakini 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita, na Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa kipindi cha uchaguzi. Akaunti pia huibiwa. Kilichotuokoa siku zile ni daftari: jina, namba ya simu, alichonunua, rangi aipendayo, na kama ana sherehe inayokuja. Tuliwapigia simu za kawaida na oda zikaendelea.

Mali kauli, mteja ni wa duka. Wewe hata jina lake hulijui. Tukianza upya, ningeshona kitambaa kidogo chenye jina na namba ndani ya kila mkoba tangu siku ya kwanza. Tulipoanza kufanya hivyo, wageni walionunua Pangani na Bagamoyo walianza kutuandikia wakiwa kwao.

Saa zinazokwenda kwenye simu

Etsy inataka picha nzuri, maelezo ya Kiingereza, vipimo, na majibu ya haraka. Kuanzisha bidhaa moja vizuri hutuchukua nusu siku, kisha inatulia. WhatsApp na Instagram ni kinyume: kuanza ni dakika, lakini haziishi. "Bei?" "Bei ya mwisho?" "Una rangi ya zambarau?" "Nitakujulisha mwisho wa mwezi." Dada mmoja wa kikundi alihesabu wiki moja, akakuta ametumia siku mbili nzima kwenye simu na kuuza mikoba minne. Tulichofanya ni kuweka bei hadharani, kuacha ule mtindo wa "bei njoo inboksi", na kujibu asubuhi na jioni tu. Waliopotea walikuwa ni wale ambao wasingenunua hata hivyo. Jumia na Jiji ziko katikati. Mali kauli hukutaka nauli na siku moja kwa mwezi, na maonesho hukutaka wiki nzima ukiwa mbali na nyumbani.

Kigezo hiki kinakwenda pamoja na uwezo wa mikono. Mnunuzi wa jumla aliyetuona Etsy aliwahi kutaka mikoba 300 kwa wiki sita. Tulikaa ukumbini kwa mama mkubwa wa kikundi, tukapiga hesabu mpaka taa ikawashwa. Akasema, "Mwanangu, mikono hii haitoi hiyo. Tukisema ndiyo tutawapa watu wengine wasuke hovyo, na jina litakaloharibika ni letu." Tulikataa. Iliuma, na bado naamini ulikuwa uamuzi wa haki.

Kila njia na mtu wake

Soko la kimataifa linamfaa mwenye kitu chepesi au kinachokunjika, chenye bei inayovumilia makato, anayeweza kungoja miezi ya mwanzo bila kutegemea pesa hiyo kwa chakula, na mwenye njia halali ya kupokea malipo. Halimfai mwenye kitu kikubwa cha bei ndogo.

Soko la mtandaoni la hapa linamfaa aliye mji mkubwa, anayetengeneza vitu vinavyofanana kwa wingi: sabuni, mishumaa, viatu vya ngozi na shanga vya saizi zote. Kama kila kipande chako ni cha aina yake, utachoka kupakia upya bidhaa moja moja.

Ukurasa wako unamfaa anayeshona kwa oda, kwa rangi na vipimo vya mteja, na anayependa kuzungumza na watu. Asiyependa, afadhali amtafute mtu wa kujibu kuliko kujibu kwa uvivu.

Mali kauli na meza ya sokoni vinamfaa mwenye mikono mizuri na subira ndogo kwa simu, aliye karibu na wageni: Zanzibar, Arusha, Diani, Lamu, Mwenge.

Ukiwa katika hali hii

Unaanza, huna akiba, na pesa ya wiki hii inahitajika wiki hii: anza na WhatsApp na maduka mawili ya mali kauli. Usilipie tangazo lolote mpaka uwe umeuza vipande ishirini na umejua ni kipi watu wanakiulizia tena.

Una ndugu Ulaya, Marekani au Kanada anayejali kazi yako: usimtumie kipande kimoja kimoja. Kunja, funga pamoja, tuma mzigo mmoja, alipe kodi na ushuru mara moja, kisha asambaze kwa posta ya huko. Mlipe kazi yake kwa asilimia mliyoiandika. Undugu usioandikwa huchakaa haraka kuliko mishikio ya ngozi.

Unashona kofia za mkono Zanzibar au Lamu, kipande kimoja kwa wiki nyingi: wateja wako wanaokijua kitu hicho wako nyumbani na Muscat, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani na kofia inayofanana na yetu, kumma, huvaliwa kila siku. Hawa hununua kwa kuaminiana, kwa picha za karibu zinazoonyesha mshono na kwa jina la mshonaji. WhatsApp na msafiri wa kuaminika vitakupa zaidi ya soko lolote la mtandaoni, kwa sababu Etsy kofia yako itapambanishwa na ya mashine.

Uko Nairobi, unatengeneza mapambo ya shanga: hali yako ni nzuri kuliko ya wengi. Kama nchi yako imo kwenye ile orodha ya malipo, jaribu Etsy kwa bidhaa tano tu, zima matangazo ya nje, na usiache Maasai Market, ambayo huhama mahali kulingana na siku na inakuonyesha kwa macho yako mgeni anashika kipi kwanza. Hicho anachoshika kwanza ndicho cha kupiga picha. Kumbuka pia kwamba mauzo ya biashara yakipita shilingi milioni moja za Kenya kwa mwaka, kodi ya mauzo ya 3% inakuhusu.

Mnachonga mpingo au mawe ya sabuni ya Tabaka, Kisii: uzito unawarudisha kwa mnunuzi aliye mbele yenu. Msitafute kutuma kinyago kimoja kimoja. Wekeni nguvu kwenye ushirika wenye ukumbi, kama wachongaji wa Kikamba walivyofanya Changamwe, Mombasa, na mtandao uwe wa kumwonyesha mgeni njia ya kufika.

Mko kikundi na mnabishana: gawaneni kazi. Sisi kila mikoba kumi, sita ni ya WhatsApp na oda za sherehe, miwili inakwenda kwenye maduka, na miwili inakunjwa kusubiri mzigo wa Uingereza. Kila baada ya miezi mitatu tunafungua daftari, tunagawa faida kwa siku za kazi zilizotumika, simu na safari za stendi zikihesabiwa humo, na tunabadilisha mgawo. Mwezi wa Ramadhani maduka ya wageni hupoa, mikoba yake inahamia WhatsApp kwa ajili ya zawadi za Idi. Julai na Agosti wageni wakijaa Pangani, inarudi dukani.